Kumfuata mwanafunzi kutoka chuo hadi chuo: mwongozo kamili wa kujenga mfumo wa data wa jimbo zima

Tumchukue binti wa kubuni, tumwite Furaha Bahati Amisi. Kwao ni Kivu Kusini, amekulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na mwaka 2016 familia yake ikahamishiwa Louisville, jimbo la Kentucky. Sekondari akaandikishwa Furaha Amisi. Chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) alichoanzia kikamwandika Bahati Furaha, maana fomu ilijazwa kinyumenyume na karani akanakili alichokiona. Kabla hajachukua cheti cha miaka miwili akahamia chuo kikuu, akawa Furaha B. Amisi, akamaliza shahada ya kwanza. Sasa angalia hesabu. Kiwango cha kuhitimu kilichozoeleka Marekani kinawatazama wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote, kila chuo na watu wake. Chuo cha jamii hakiwezi kusema kimemhitimisha. Chuo kikuu hakimhesabu, kwa kuwa hakuanzia pale. Shahada ameitundika ukutani, ila kwenye hesabu hiyo hayumo.

Mfumo wa data wa jimbo, yaani ule unaounganisha rekodi za mtu za shule, vyuo na kazi, hujengwa ili mtu kama Furaha aonekane. Na Marekani kazi hiyo imeangukia majimbo kwa sababu ya sheria: mwaka 2008 Bunge la nchi lilipiga marufuku serikali ya shirikisho kuwa na kanzidata ya mwanafunzi mmoja mmoja wa elimu ya juu. Serikali kuu hupokea jumla tu, kupitia IPEDS, yaani ripoti za takwimu ambazo kila chuo huipelekea. Wakati huohuo inayapa majimbo ruzuku ya kujenga mifumo yao. Ruzuku za kwanza zilitoka 2005, na mwaka 2009, katika fedha za kufufua uchumi, ziliongezwa dola milioni 250. Kwa hiyo karibu kila jimbo lina kitu, kizuri au kibaya. Haya ninayoandika ni utaratibu ambao ningeufuata kama ningeanza upya, na mengi nimeyajua baada ya kuyakosea.

Hatua ya 1: Maswali kwanza, kwenye karatasi moja

Waite watu wanaoamua mambo: kamati ya elimu ya bunge la jimbo, wakuu wa vyuo, ofisi ya bajeti. Usiwaulize wanataka data gani, maana watajibu "zote". Waulize wanashindwa kuamua nini. Utapata maswali kama haya: Wanaohamia kutoka vyuo vya jamii wanapoteza krediti (vipimo vya masomo waliyokwisha kufaulu) ngapi njiani? Anayesomea uuguzi kwa ruzuku ya jimbo anabaki kufanya kazi jimboni? Wanaoachia mwaka wa kwanza walikuwa na deni gani chuoni?

Chini ya kila swali orodhesha safu za data zinazohitajika kulijibu. Utashangaa jinsi maswali mawili yanayofanana yanavyotofautiana kwa gharama. Swali la "nani alihitimu" linataka rekodi za uandikishaji na za shahada, basi. Swali la krediti zinazopotea linataka kila somo, kila alama, na uamuzi wa kila chuo kuhusu kila somo lililohamishwa. Hiyo ni kazi kubwa mara nyingi zaidi, na ni afadhali ujue mapema.

Safu isiyo na swali juu yake iache. Mwaka 2014 mradi wa inBloom, uliokuwa wa kukusanya data za wanafunzi wa shule na ulioanza na takriban dola milioni 100, ulifungwa baada ya wazazi kuukataa. Ulikuwa na nafasi ya kuweka taarifa nyingi mno za watoto, na kila mzazi aliyeuliza za nini hakupata jibu fupi.

Hatua ya 2: Mwenye mfumo kabla ya seva

Hapa watu wa kompyuta hukosa subira. Lakini tazama California. Tume ya jimbo iliyokuwa ikitunza data za vyuo vyote, CPEC, ilifungwa mwaka 2011 baada ya gavana Jerry Brown kufuta fedha zake kwenye bajeti. Jimbo lenye wanafunzi wengi wa vyuo kuliko jingine lolote likabaki bila mahali pamoja pa kuuliza. Sheria ya kuanzisha mfumo mpya, Cradle-to-Career, ilipita 2019, na ya kuupa bodi ikaja 2021. Miaka kumi hiyo, wala tatizo halikuwa mashine.

Kwa hiyo ofisi itajwe katika sheria ya jimbo, pamoja na kazi yake na fungu lake la kila mwaka. Ruzuku ijenge, bajeti ya jimbo iendeshe. Maryland waliunda kituo huru kwa sheria mwaka 2010. Kentucky nao walipitisha sheria ya kituo chao 2013. Bodi iwe na vyuo, idara ya elimu, idara ya kazi, na raia wa kawaida wasio waajiriwa wa yeyote kati ya hao.

Kisha mikataba. Sheria ya faragha ya elimu, FERPA, ya mwaka 1974, inakataza chuo kutoa rekodi ya mwanafunzi bila ridhaa yake, ila inaacha milango michache. Mlango ambao mifumo hii huupitia zaidi ni ule wa ukaguzi na tathmini ya programu za elimu, na kanuni za mwaka 2011 ziliupanua. Mkataba wa maandishi ni lazima. Utaje nani anapokea, anapokea safu zipi, kwa kusudi gani, na lini zitaharibiwa. Nimesoma mikataba isiyo na tarehe ya kuharibu. Faili za namna hiyo hubaki kwenye diski ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Hatua ya 3: Data zikae wapi

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ghala moja: vyuo vinaleta, ofisi inaoanisha rekodi za mtu mmoja, vitambulisho vinaondolewa, wachambuzi wanaona kilichobaki. Florida na Kentucky wamekwenda njia hiyo. Ya pili ni ya Virginia: kila taasisi inakaa na chake, na ombi likikubaliwa rekodi zinachotwa, zinafichwa majina kulekule zilikotoka, ndipo zinaunganishwa kwa ajili ya ombi hilo.

Njia ya pili huwatuliza wanasiasa. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu moja: kumtambua mtu ni kazi ya kurekebisha kila mwaka, na katika njia ya pili makosa ya kuoanisha hayana mtu wa kuyakumbuka. Jimbo ambalo watu wake hawaiamini serikali lichague ya pili tu. Mfumo uliopungukiwa una faida kuliko ule uliokataliwa.

Hatua ya 4: Kamusi ya data

Kila neno liandikiwe maana, hata yale yanayoonekana hayana haja. "Mwanafunzi" ni nani? Aliyejiandikisha akaacha siku ya tatu yumo? Texas wana jawabu: kwa muhula mrefu wa kawaida, hesabu rasmi ni siku ya 12 ya masomo. Chagua siku yako, na nakala ya data za siku hiyo ihifadhiwe ilivyo, isiguswe tena.

Krediti nazo si sawa. Chuo cha mihula miwili kinadai krediti 120 kwa shahada, na chuo cha robo mwaka, kama University of Washington, kinadai 180. Zidisha za robo kwa mbili, gawanya kwa tatu. Hifadhi zote mbili, ile iliyoletwa na ile iliyobadilishwa, maana siku moja mtu atakosea kanuni na utataka kurudi nyuma.

Fani zitumie misimbo ya taifa ya CIP, yenye tarakimu sita. Mtego wake ni kwamba hurekebishwa kila baada ya miaka kumi hivi. Uuguzi wa wauguzi waliosajiliwa ulikuwa 51.1601 katika toleo la 2000, ukahamia 51.3801 katika toleo la 2010. Asiyehifadhi toleo pamoja na msimbo atamwambia gavana kwamba uuguzi ulikufa mwaka huo.

Asili na kabila vivyo hivyo. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilibadili swali lenyewe: la Walatino (Hispanic) na la asili yakawa swali moja, na likaongezwa kundi la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Hifadhi alichojaza mwanafunzi kama alivyokijaza. Makundi utayatengeneza wakati wa ripoti.

Hatua ya 5: Kumtambua mtu

Ukiwa na siku kumi za kazi, tano zitumie hapa.

Wengi hukimbilia namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), yenye tarakimu tisa. Vyuo vingi wanayo kwa sababu ya mikopo na kodi. Sekondari kwa kawaida hawana. Wanafunzi wasio na hati za kuishi nchini wengi wao hawana. Tena namba yenyewe haina tarakimu ya kujikagua, kwa hiyo karani akibadilisha nafasi za tarakimu mbili hakuna kengele inayolia. Tangu Juni 2011 hutolewa bila mpangilio, kwa hiyo tarakimu tatu za mwanzo za namba mpya hazikuambii ilitolewa wapi. Angalau yapo mambo ya kukataliwa mlangoni: haianzi na 000, wala 666, wala 9.

Katika ofisi moja niliyopitia tulikuwa hatukatai chochote. Chuo kimoja kilimwandikia kila asiye na namba 999999999. Programu ikafanya ilichoagizwa: ikawaunganisha wote. Tukapata mwanafunzi mmoja aliyesoma useremala, uhasibu na uuguzi muhula uleule, mwenye krediti zaidi ya elfu. Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba ripoti ilikuwa imeshakwenda.

Kwa hiyo mpe kila mtu namba ya jimbo, iliyochaguliwa bila mpangilio, yenye tarakimu ya kujikagua, isiyobeba maana yoyote. Usitie mwaka ndani yake, wala chuo. Wasomaji wa Tanzania wanaijua namba ya mtihani wa kidato cha nne: ya shule, ya mtahiniwa, kisha mwaka. Inasomeka vizuri. Ila aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana namba mbili, na kila ofisi inayopokea moja inamuona ni mtu mwingine. Namba hiyo inataja tukio la mtihani, na wewe unataka namba inayotaja mtu. Sekondari wakishakuwa na namba ya jimbo, iwekwe kwenye matokeo ya kielektroniki yanayotumwa chuoni, na chuo kiihifadhi. Hatua hiyo ndogo itakuondolea nusu ya maumivu ya sehemu hii.

Nusu iliyobaki ni majina na tarehe. Utaratibu wake ni mizunguko. Mzunguko wa kwanza: namba zinalingana, tarehe ya kuzaliwa inalingana, jina linakaribiana, unganisha. Mzunguko wa pili ni wa pointi, kwa nadharia ya Fellegi na Sunter ya mwaka 1969: kulingana kwa kitu adimu kuna uzito mkubwa, kulingana kwa kitu cha kawaida kuna uzito mdogo. Watu wawili wenye jina moja lisilopatikana kwingine ni ushahidi. Mohamed Ali wawili si ushahidi wa lolote.

Na hapa ndipo watu wetu huumizwa. Tarehe ya kuzaliwa kwa kawaida ni kitu adimu, kwa hiyo programu huipa pointi nyingi. Lakini wakimbizi wengi wasio na cheti cha kuzaliwa huandikishwa tarehe 1 Januari. Furaha ni 01/01/2001, na jirani yake pia, na huenda na binamu yake. Programu isiyojua hilo itaona tarehe zinalingana, majina yanafanana, mji ni uleule, na itawafanya wawili kuwa mmoja. Dawa yake ni rahisi: pointi za tarehe zihesabiwe kwa wingi wa tarehe yenyewe katika faili. Tarehe 1 Januari itashuka yenyewe.

Majina yasilinganishwe nafasi kwa nafasi. Kwetu jina la pili ni la baba na la tatu la babu, na hakuna "jina la ukoo" la kuweka kwenye kisanduku cha mwisho. Kila karani huchagua lake. Yaweke majina yote ya mtu katika mfuko mmoja, ulinganishe mfuko na mfuko. Ondoa vistari na alama za juu katika nakala ya kulinganishia, lakini asili yake usiiguse, na kila jina ambalo mtu amewahi kuandikwa libaki.

Soundex, mbinu ya zamani ya kugeuza jina kuwa msimbo wa sauti, iache iwe msaidizi tu. Hassan kwa Soundex ni H250. Hussein pia ni H250. Sasa fikiria mapacha Hassan na Hussein, baba mmoja, anwani moja, siku moja ya kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii zimefuatana. Kila kipimo kitasema ni mtu mmoja, ila mama yao.

Rudi kwa Furaha. Rekodi ya sekondari: Furaha Amisi, 01/01/2001, amemaliza 2019. Rekodi ya chuo cha jamii: Bahati Furaha, 01/01/2001. Jina moja kati ya mawili linalingana, na tarehe haina uzito. Kinachomwokoa ni uga ambao wengi huudharau, yaani msimbo wa sekondari aliyotoka na mwaka aliomaliza, ambao aliujaza alipoomba chuo. Hata hivyo pointi zake hazitoshi kuunganishwa na mashine. Anakwenda kwenye fungu la kati.

Maana mafungu ni matatu: yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa, na yale ya kuangaliwa na mtu. Fungu la kati liajirie mtu. Mifumo mingi hulikata ili kubana matumizi, na gharama yake hulipwa na wenye majina yasiyozoeleka. Ukilazimika kuchagua kosa, tenganisha. Mtu mmoja akihesabiwa wawili, kiwango cha kuhitimu kinashuka kidogo. Wawili wakifanywa mmoja, umebuni mtu asiyekuwepo, na kuwachomoa tena ni kazi. Ndiyo sababu kila muungano uandikwe: lini, kwa kanuni ipi, na nani aliukubali, ili uweze kufunguliwa.

Kabla ya kuamini pointi zako, chukua jozi 500 zilizokwishaamuliwa kwa mkono na watu wawili wasioonana, uone mashine inakubaliana nao mara ngapi. Kisha gawanya matokeo kwa makundi. Mfumo unaopatia kwa wote kwa jumla, lakini unaokosea kwa wanafunzi wa kutoka Kongo au Somalia, wastani wake utakuficha jambo hilo.

Jedwali linalounganisha majina na namba ya jimbo likae peke yake, kwenye seva yake, na watu wawili watatu wa kulifungua. Na usidanganywe na anayesema "namba tumezificha kwa hashi", yaani kanuni inayogeuza namba kuwa mfuatano mwingine wa herufi na tarakimu. Tarakimu tisa ni michanganyiko bilioni moja tu. Kompyuta ya kawaida inaikokotoa yote na kuirudisha namba ilivyokuwa. Hashi iwe na ufunguo wa siri, na ufunguo usikae karibu na data.

Hatua ya 6: Kupokea na kukagua faili

Vyuo wapewe programu ya kujikagua kabla ya kutuma. Makosa yawe ya aina mbili: ya kuzuia faili na ya kuuliza. Krediti zilizopatikana zikizidi zilizosomwa, zuia. Mwanafunzi wa miaka tisa, uliza, maana huenda yupo. Uandikishaji wa fani ukishuka kwa theluthi kulinganisha na mwaka jana, mpigie simu msajili kabla hujafikiria lolote. Mara nyingi safu imesogea tu. Na kila chuo kilicholeta kirudishiwe kitu cha kukifaa, kwa mfano orodha ya waliohamia kutoka kwake wamekwenda wapi. Chuo kinachopewa hukagua faili zake vizuri zaidi.

Waliotoka nje ya jimbo hutawaona. Wengi wao wanapatikana katika National Student Clearinghouse, shirika lililoanzishwa 1993 ambalo vyuo vingi vya nchi huliletea uandikishaji wao. Jimbo hulipia huduma hiyo. Ingiza kwenye bajeti.

Hatua ya 7: Mishahara

Rekodi za mishahara hutoka kwenye bima ya ukosefu wa kazi, kila robo mwaka, kwa namba ya hifadhi ya jamii. Humo hayumo aliyejiajiri, mwanajeshi, wala mfanyakazi wa serikali ya shirikisho. Majimbo mengi hayadai saa za kazi, kwa hiyo mshahara mdogo unaweza kuwa wa kazi mbaya au wa siku mbili kwa wiki. Washington ni kati ya machache yanayodai. Halafu kuna mpaka. Louisville iko ukingoni mwa mto Ohio, ukivuka daraja upo Indiana. Muuguzi anayelala Louisville na kufanya kazi ng'ambo hana rekodi Kentucky mpaka majimbo yabadilishane data. Kwenye jedwali mwandike "hakuonekana". Ukiandika "hana kazi" umesema usilolijua, na chuo chake kitakulalamikia kwa haki.

Hatua ya 8: Kutoa bila kuwaanika watu

Kanuni ya kawaida ni kuficha kila kisanduku chenye watu chini ya kumi. Haitoshi. Tuseme wahitimu wa programu fulani ni 40: kaunti ya kwanza 22, ya pili 12, ya tatu umeficha. Mtoto wa darasa la tatu atatoa 34 kwenye 40 apate 6. Lazima ufiche na kisanduku cha pili kwa udogo, au uondoe jumla. Na kama mwezi uliopita ulitoa jedwali hilohilo kwa jinsia, linganisha yote mawili kabla ya kuchapisha.

Maombi ya watafiti yapite kwa bodi, na majibu ya bodi yatangazwe, pamoja na yale yaliyokataliwa na sababu zake. Mwombaji asiyekuja na swali la elimu, awe polisi au kampuni ya matangazo, ajibiwe kwa kutumia mkataba wa hatua ya 2. Ndiyo sababu uliandika kusudi.

Mwaka wa kwanza usichukue jimbo zima. Chukua chuo cha jamii kimoja, chuo kikuu ambacho wanafunzi wake wengi huhamia, na sekondari za kaunti moja; muhula mmoja, swali moja. Endesha mizunguko, kisha chapisha fungu la kati kwenye karatasi na uende nalo chini ya ulinzi hadi ofisi ya msajili wa chuo cha jamii. Keti na yule karani aliyekaa dirishani miaka mingi. Atapitisha kidole kwenye orodha, na akifika kwa Bahati Furaha atakuambia ni yule binti aliyekuja mara tatu kuomba jina lake ligeuzwe, na fomu yake bado ipo kwenye trei.